Ndoo ya Chini ya Kitanda

Kulikuwa na mjane mmoja, wapendwa, mabinti zake wameolewa mbali, mume yuko kaburini. Hodi aliyoisikia mlangoni ilikuwa ya upepo tu. Akipika ugali wa mtu mmoja, bado unabaki.

Wakwe zake wakamchangia, akachimbiwa kisima cha pampu uani. Maji baridi, maangavu, matamu. Basi ua ukajaa. Wanawake wa mtaa mzima wakawa wanapanga ndoo pale tangu asubuhi, wanataniana, wanacheka, wanamwita shangazi. Mjane akaanza kupika chai kwa sufuria kubwa.

Siku moja akapita mtaalamu wa maji, akajaza chupa mbili, akaenda nazo kupima. Baada ya mwezi akarudi.

"Bibi, maji yako yana madini ya mionzi. Yanatoka kwenye mwamba wenyewe huko chini."

"Mbona hayanuki?"

"Hayanuki, hayana rangi, hayana ladha. Kikombe kimoja hakikufanyi kitu. Ni kunywa miaka na miaka ndiko kunakoharibu figo na mifupa, na watoto ndio wa kwanza."

"Basi nitayachemsha."

"Ukichemsha, maji yanapungua, madini yanabaki. Fulieni, pigieni deki, lakini msinywe. Waambie wenzako leo."

Mjane akamsindikiza mpaka barabarani. Kurudi, akakuta wanawake saba uani, mmoja anamuigiza mkwe wake anavyokoroma, wengine wameshika mbavu. Wakamsogezea kigoda. Akakaa. Akasema moyoni, nitawaambia kesho. Hiyo kesho mnaijua, au niwaeleze?

Ikapita miaka miwili. Yeye mwenyewe hakuyanywa hata tone. Kila Jumamosi aliaga kwamba anakwenda kumtazama mgonjwa, kumbe anakwenda kuchota maji ya mvua kwenye tangi la zahanati, mwendo wa saa nzima, ndoo anaificha chini ya kitanda. Chai ya wageni aliipika kwa maji ya kisimani, yeye akasingizia tumbo. Wenzake wanakunywa, yeye anawatazama. Hapo ndipo alipokuwa mpweke kuliko alivyokuwa kabla ya kisima, na watu wamejaa ua mzima.

Kisha akashikwa na homa. Jirani yake, mke wa fundi baiskeli, akaja kumuuguza. Akamwinua kichwa, akamsogezea kikombe.

"Kunywa, shangazi. Maji yako mwenyewe haya, nimechota sasa hivi na nimeyachemsha."

"Sina kiu."

"Midomo imepasuka hivyo, huna kiu? Usinidekee, fungua mdomo."

Kikombe kikamgusa mdomo. Mjane akakisukuma.

"Siyo hayo. Nipe ya ndoo iliyo chini ya kitanda."

Jirani akainama, akaiona.

"Mwenye kisima anaficha maji uvunguni? Kwani haya yana nini?"

Mjane akamweleza yote. Jirani akakiweka kikombe chini.

"Mwanangu wa mwisho," akasema, "tangu aache ziwa hajanywa mengine."

Akamnywesha maji ya ile ndoo, akamfunika kanga vizuri, akaondoka. Homa ikaisha. Habari ikaenea mtaani, na hodi hakuisikia tena.

Naona mnatikisa vichwa. Mnasema, walau mwishoni alisema kweli. Aliisema lini? Vikombe vilipokuwa vinakwenda kwenye midomo ya watoto wa wenzake, alinyamaza miaka miwili. Kilipogusa mdomo wake, hata dakika haikuisha.

Na sisi je? Tunamjua mwalimu anayewaharibu mabinti wa watu, tunanyamaza kwa sababu anatusalimia kwa heshima na kututolea kiti. Tunamjua mganga anayemuua jirani kwa dawa zake, tunanyamaza tusije tukaitwa wambea tukatengwa. Tunaogopa ua usije ukabaki mtupu. Tunangoja kikombe kifike kwetu ndipo tupate sauti.

Mkitoka hapa msiende moja kwa moja nyumbani. Kuna mtu ambaye hujamwonya, na jina lake limekujia sasa hivi, wewe uliyeinamisha uso. Pitia kwake kwanza.