Mgeni wa Dakani

"Mlango wa kati ukifungwa, mgeni hulala dakani." Mmeisikia kwa mafundi wa kompyuta, nanyi mwataka kujua ilikotoka. Basi tulieni, wanangu, ilianza hivi.

Mzee Shee wa Siyu alipasuliwa koo hospitalini Mombasa, sauti ikamtoka. Akalazwa wodi asimoingia mgeni wala kisimotoka kitu, kwa kuogopa maradhi. Mgonjwa wa humo aliandika kwenye kibao cha kielektroniki, maneno yakapita kompyuta kuu, yakatokea kwenye skrini ya chumba cha wageni, ghorofa ya chini. Mbele ya skrini hiyo ndipo aliposhinda mkewe, Bi Somoe.

Wawili hao walisoma chuoni tu, kwa mwalimu wa Kurani, na Kiswahili chao walikiandika kwa herufi za Kiarabu. Mzee akiandika, skrini ya chini ilitoa alama za kuuliza tupu. Muuguzi naye, kila akiziona herufi zile kibaoni, alidhani ni dua. Aliitikia "Amina" akaenda zake.

Na mzee alikuwa hali chakula. Uji ulikuja moto ukapoa mbele yake, hata daktari akaanza kusema huyu amekata tamaa. Bi Somoe alifichwa habari hiyo, asije akaugua naye.

Tima, fundi wa kompyuta pale, moyo ulimuuma. Alikipanga kibao kitume herufi za dunia nzima, akaipanga na skrini izipokee. Alama za kuuliza zikabaki pale pale. Kompyuta kuu hakuigusa. Mpangilio wake wa zamani ulijua herufi za Kizungu tu, lakini hospitali nzima iliitegemea, naye aliiogopa.

"Umefungua wapi na wapi, mwanangu?" Bi Somoe akamuuliza.

"Huko juu anakoandikia, bibi, na hapa unaposomea."

"Na katikati?"

"Kompyuta kuu sikuigusa, bibi."

"Nyumba yetu Siyu ina milango mitatu. Wa kati ukifungwa, mgeni hulala dakani, kibarazani kwenye baridi. Mume wangu yuko dakani, Tima. Mfungulie."

Tima alinakili kumbukumbu zote pembeni zisipotee, kisha akaibadili kompyuta kuu.

Ulipoletwa uji wa mchana, herufi zilijitokeza kwenye skrini, nzima nzima, kutoka kulia kwenda kushoto. Bi Somoe alisoma, akacheka, machozi yakamtoka.

"Anasemaje, bibi?"

"Aniuliza kama nimekula." Akajifuta kwa leso. "Tangu anioe, hajatia tonge kinywani kabla hajaniuliza hivyo, nami nikamjibu."

Tima akampa kibao chake, naye akaandika: *Nimekula, Shee. Nawe kula.*

Huko juu mzee alisoma, akasoma tena, akashika kijiko. Muuguzi aliziona herufi, akaitikia "Amina" kama kawaida yake, na safari hii hakukosea.

Bi Somoe mwenyewe hakuwa ametia kitu tumboni tangu alfajiri. Tima alikwenda mbio kumletea mahamri, ili bibi asiwe mwongo kwa mumewe. Walikula pamoja mbele ya skrini, na tangu siku hiyo Tima, kila akimfundisha fundi mpya, huanza na neno hilo: mlango wa kati ukifungwa, mgeni hulala dakani.