Magoti ya Mzee Shemdoe

"Nyumba ya mzee hukaguliwa na magoti." Mmeisikia leo, wajukuu, mkacheka. Haya, kaeni niwaambie ilikotoka.

Mzee Shemdoe, seremala mstaafu wa huku milimani, alikuwa na magoti yaliyokataa kukunjika. Mvua ilipobomoa nyumba yake, ukoo uliunda kamati ya kumtafutia nyingine. Kwa heshima, mwenyewe hakusumbuliwa kwenda kukagua, ndiyo mila. Kamati ilikwenda, ikagonga kuta, ikasifu bati, ikanywa chai, ikarudi na taarifa.

Nyumba ya kwanza ilikuwa na ngazi kumi na tisa. Mzee alikaa ndani wiki mbili kama mzigo uliosahauliwa stoo. Ya pili, choo kilikuwa bondeni. Ya tatu, mlango ulikuwa mwembamba: magongo yaliingia, mzee akabaki nje. Kila mara walimhamisha na kitanda chake, na kila mara alizidi kuchoka. Ya nne ikishindikana, walisema, atagawanywa: mwezi kwa huyu, mwezi kwa yule, asiwe tena na mlango wake.

Safari ya nne, mzee alidai abebwe. Walipofika, alitoa vibao na kamba.

"Mpwa wangu Shekiango, mwenyekiti, njoo nikufunge magoti."

"Mjomba! Mbele za watu?"

"Mimi magoti yalinifunga mbele ya nani? Njoo."

Heshima ikamponza. Akafungwa.

"Sasa nenda chooni, urudi."

Mwenyekiti alivuka kizingiti cha kwanza kwa kuruka, cha pili kwa kuanguka. Choo kilikuwa cha kuchuchumaa. Kisha sauti ikatoka, haina uenyekiti wowote: "Jamani, njooni mninyanyue."

Hakuna aliyecheka, ila wote.

Shekiango alikataa kufunguliwa. Alizunguka mtaa na vibao vyake, jasho likimtiririka, mpaka chumba kilichokuwa nyuma ya mashine ya kusaga: sakafu sawa na ardhi, mlango mpana, choo cha kukalia.

"Kelele tupu, hakina hadhi," kamati ikanung'unika.

"Nimeingia, nimetoka, sikumwita mtu," alisema Shekiango.

Mzee Shemdoe naye akaingia, akatoka. Akaingia tena, peke yake. Mara ya tatu aliingia bila sababu yoyote.

Shekiango akaketi chini, akaanza kufungua kamba.

"Andikeni kwenye taarifa," alisema. "Nyumba ya mzee hukaguliwa na magoti."