Bi Zamda na Mistari Mitatu

Sogeeni karibu, na mwenye jibu asilitoe mpaka nimalize, maana mimi mwenyewe limenishinda.

Chama cha Mzinga, chama cha watu wa soko la Kirengwe, kilitegemea watu watatu. Mshindo alijaliwa ulimi. Hata aliyekuja kumzomea aliishia kupiga makofi. Tausi alijua habari za kila mtu: nani kafiwa, nani kajifungua, nani hana unga. Gervas hakujaliwa lolote ila uvumilivu, na huo nao si haba.

Wakubwa wa mji walipotaka kubomoa soko la Kirengwe, Mshindo alizungumza nao mpaka wakaahirisha kwa wiki moja.

Wiki hiyo Tausi alipita nyumba kwa nyumba, akaleta watu mia nne wakakaa sokoni wasiondoke.

Tingatinga lilipofika, wakaulizwa kiongozi wao ni nani. Gervas akasema ni yeye, ingawa mwenyekiti wa chama alikuwa mwingine, akafungwa miezi minane kwa niaba ya wote. Soko likabaki, na meza ya dagaa ya mwanachama mmoja, mjane Bi Zamda, ikabaki. Hana riziki nyingine.

Kisha mwenyekiti wao akafariki, na wote watatu wakakitaka kiti. Msajili wa vyama akawaandikia: wasipopata mwenyekiti kufikia saa kumi alasiri ya Jumamosi, chama kinafutwa. Wiki hiyo hiyo amri ya kubomoa soko ikarudi.

Watu wa Mzinga hawapigi kura kwa karatasi. Unasimama nyuma ya unayemtaka, uso wako uonekane. Walijivunia sana desturi hiyo, ila Jumamosi hiyo iliwatokea puani. Waliokula sahani moja wakaitana wasaliti kutoka mstari hadi mstari.

Wakahesabiwa mara tatu. Kila mstari ulikuwa na watu thelathini na tisa, na aliyebaki katikati ni Bi Zamda. Alishindwa kusogea, kwa kuwa kumfuata mmoja ni kuwapa wawili mgongo, na wote walimpigania. Akamwendea kila mmoja na swali moja.

“Mwanangu, nisiposimama kwako, utabaki chamani?”

Mshindo, mwenye maneno yote, alikosa neno. Tausi, aliyejua habari za kila mtu, alisema hajui watu wake wataamua nini. Gervas alitazama chini.

“Mama, nimevumilia vya kutosha.”

Bi Zamda akaelewa. Akimchagua mmoja, wawili wataondoka na watu wao, na tingatinga litamkuta mmoja peke yake. Asipochagua, chama hakipo. Mtu mzima yule alilia mbele ya wote, na hakuna aliyetoka kwenye mstari wake kumfuta machozi.

Sasa ni saa kumi kasorobo, na miguu ya Bi Zamda nawakabidhi nyinyi. Mtasimama nyuma ya nani? Na mkishasimama, niambieni, soko atalilinda nani?