Wakili Fisi Adai Pango la Bi Pimbi

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa na mahakama na mawakili wao, Nungunungu alimshtaki Bi Pimbi ili amnyang'anye pango lake. Bi Pimbi akamweka Wakili Fisi amtetee. Fisi alisimama mara moja tu, akabweka maneno mawili matatu, kesi ikaisha. Pango likabaki la Bi Pimbi.

Kesho yake asubuhi, ngo! ngo! ngo! Fisi huyo mlangoni.

"Bibie, nimefuata ujira wangu."

"Karibu, wakili. Unadai nini?"

"Pango."

"Pango lipi?"

"Hili hili! Kwani hatukupatana?"

Hawakupatana kitu! Siku ile ya kumpa kazi, Bi Pimbi alikuwa na hofu na haraka, na Fisi alimwambia tu, "Usijali, tutaelewana." Naye, maskini, akaridhika. Sasa angewapeleka wapi watoto wanane? Alilia kidogo, akajifuta machozi, akawaza. Kisha, mbio! Mpaka kwa Hakimu Nyati.

Fisi akaitwa.

"Mheshimiwa," akajigamba, "tulipatana kwa mdomo. Neno la mdomo linatosha!"

"Karatasi ipo?" Nyati akauliza.

"Karatasi ya nini? Waungwana huaminiana!"

"Bi Pimbi, unasemaje?"

"Ni kweli, Mheshimiwa. Pango ni lake."

"Haaa!" wanyama wakaguna. Fisi akacheka, kwi kwi kwi, mpaka mate yakamdondoka.

"Ila wakili wangu amesahau ahadi yake," Bi Pimbi akaendelea kwa upole. "Alisema, kwa mdomo huo huo, kwamba tutabaki humo naye atatulea, mimi, wanangu wanane na mama mkwe. Na kwa kuwa kwetu nyama ni mwiko, aliapa kula majani pamoja nasi mpaka kufa kwake."

"Majani!" Fisi akaruka, kiti kikaanguka puu! "Mimi, majani? Mwongo mkubwa huyu! Alete karatasi! Bila karatasi hakuna mapatano!"

Fisi akaziba mdomo, lakini alikuwa amechelewa.

"Umesema mwenyewe, wakili," Nyati akamwambia. "Hakuna mapatano, yake wala yako. Utalipwa kwa kazi iliyoonekana. Ulisimama mara ngapi?"

"Mara... moja."

"Na wenzako hutoza nini kwa kusimama mara moja?"

"Kibuyu kimoja cha asali," Fisi akanong'ona.

"Basi ni hicho." Paa! Muhuri ukagongwa.

Bi Pimbi alilipa siku hiyo hiyo, asali safi, kibuyu kimejaa pomoni. Fisi akakipokea, akaufyata, akaenda zake.

Nyumbani, Bi Pimbi alijitupa chini, akashusha pumzi ndefu. "Ahaaa!" Watoto wakamrukia tumboni.

"Mama, tunahama?"

"Hatuhami ng'o!" Akawakumbatia wote wanane, akacheka huku analia kwa furaha.

Nanyi wanangu, mkimpa mtu kazi, bei iandikwe kabla hajaianza.