Kikohozi cha Mlangoni

Wahenga hawakuwa wepesi wa kusifu. Mtu akionyeshwa nyumba yenye mlango wa kupendeza, walimshauri aingie kwanza, aone kama paa halivuji. Kitinda, kitindamimba wa fundi makochi, aliielewa hekima hiyo mapema, maana alikulia ndani ya nyumba iliyosifiwa sana na watu wa nje.

Sasa yeye ndiye mwenye karakana. Kila anapobandua kitambaa kikuukuu na vumbi la sponji likampanda puani, humkumbuka marehemu baba yake, na hamu ya siku zile humjaa moyoni, zile chungu pamoja na zile tamu.

Baba yake aliokoka Kitinda angali mdogo. Aliacha pombe, akashonesha suti ya kijivu, na "Bwana asifiwe" ikawa haimtoki mdomoni. Kanisani alikuwa mpole kama kondoo. Nyumbani alikuwa simba yuleyule wa zamani, ila sasa aliunguruma kwa mistari ya Biblia. Alikuwa na desturi ya kukohoa mlangoni kabla ya kuingia. Kikohozi kikisikika tu, redio ilizimwa, vicheko vilikatwa katikati, na watoto walishika madaftari hata kama hawakuwa na la kuandika. Chai ikipoa, yalimwagika matusi. Chumvi ikizidi, sahani iliruka.

"Wokovu wako umefika sebuleni tu, mume wangu," mama alimwambia siku moja. "Huku jikoni bado tunausubiri."

Jibu alilopewa halifai kuandikwa. Tangu hapo mama aliweka begi lililofungwa chini ya kitanda. Kila asubuhi kabla ya kwenda shule Kitinda alichungulia, roho mkononi, aone kama bado lipo.

Ikatokea kanisa likataka kumsimika fundi awe mzee wa kanisa. Kwa furaha akajitolea kukivisha upya kiti cha mchungaji. Fundi alikuwa na njia yake ya mkato: alitandika kitambaa kipya juu ya kile cha zamani, asibandue kitu. Akakivisha mahameli nyekundu, misumari ya shaba ikametameta pembeni. Siku ya kusimikwa, mchungaji, mtu wa miraba minne, aliketi kwa madaha. Praa! Mikanda ya ndani iliyooza ikakatika, akazama mpaka magoti yakakaribia kidevu, na mende wakamiminika kutoka chini ya mahameli kama waumini baada ya ibada. Wanakwaya walipandisha miguu juu ya mabenchi.

Mchungaji alicheka mpaka machozi wakati wakimvuta atoke. "Fundi, nje umenipa kiti cha mfalme," alisema. "Ndani sijui umenipa nini!"

Nyumbani hakuna aliyecheka. Walijua hasira ya aibu itamwangukia nani. Mama alilitoa begi, akaliweka karibu na mlango wa jikoni. Kikohozi kikasikika, redio ikazimwa. Fundi alisimama kizingitini akiwatazama wanawe walivyoinamia madaftari, na kwa mara ya kwanza akausikia ukimya ule.

"Mbona mmenyamaza?"

Wakubwa hawakuthubutu. Kitinda ndiye aliyesema, kwa kuwa alikuwa ameliona begi. "Ukikohoa tunaogopa, Baba. Hata Mama anaogopa."

Alifumba macho akingoja kofi. Alipoyafumbua, baba yake alikuwa ameketi sakafuni na suti yake, uso mikononi.

"Mungu wangu," alisema, "nilijivisha tu. Sikubandua kitu."

"Machozi nimeyaona," mama alijibu, bila kulirudisha begi. "Nasubiri kesho."

Kesho yake fundi aliukataa uzee wa kanisa. Akakileta kiti karakanani, akakibandua mpaka kwenye mbao, Kitinda akimshikia mikanda mipya. Aliomba kimyakimya huku akifanya kazi. Hasira haikumtoka mara moja. Kuna jioni alitoka akaizunguka nyumba mpaka hasira itulie, kisha akarudi na kusema, "Nisamehe, mama watoto."

Halafu ikaja jioni ambayo Kitinda haisahau. Mama alikuwa akisimulia kisa cha jirani, redio inaimba, watoto hawana mbavu kwa kicheko. Baba akakohoa mlangoni, akaingia, akavua viatu, akajipenyeza kati yao. "Kisa gani hicho? Anza tena!" Na hakuna hata mmoja aliyenyamaza.

Siku iliyofuata mama alipanga nguo zake kabatini, na begi likapelekwa karakanani kuwekewa misumari. Kitinda analitumia mpaka leo. Angetoa chochote akisikie kikohozi kile mara moja tena. Wateja wakivisifu vitambaa vyake, yeye hulipindua kochi waone chini yake, akawaambia alichokuwa akisema baba yake uzeeni: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.