Mlinzi Asiyepokewa Zamu

Hapo zamani, katika nchi ya Marongo, alitawala Sultani Zahidi, mtu nadhifu asiyependa kuona kitu kilichochakaa. Ndani ya ngome yake waliishi askari wazee waliopigana vita vya marehemu baba yake. Wengine hawakuweza kusimama, wengine hawakuona vyema, na wengine walikwisha sahau hata majina ya wana wao. Sultani akavitaka vyumba vyao afugie tausi. Basi akaamuru wazee watolewe, kila mmoja arudi kwao, ingawa wengi wao hapakuwa na aliyekumbuka kwao ni wapi, wao wenyewe wakiwa wa kwanza kusahau.

Habari hiyo ikamfikia Ukoko, fukara aliyewalisha wazee uji kwa ujira wa kukwangua sufuria, na jina lake alilipatia humo. Akaenda barazani, akainama.

"Ewe Bwana wangu, watu hawa wakitolewa nje watakufa."

"Askari hula kwa kazi yake," akajibu Sultani. "Nionyeshe kazi moja ambayo mzee asiyesimama, asiyeona vyema wala kukumbuka, ataifanya vizuri kuliko kijana. Ukiipata, nitawatunza wote hadi kaburini. Ukiikosa, utatoka nao, nawe utawabeba mgongoni."

"Mmoja mmoja, Bwana wangu, au wote kwa pamoja?"

Waziri akakohoa. Sultani hakucheka.

"Basi nipe ulinzi wa mlango wa chumba chako," akasema Ukoko. "Na sheria ya ulinzi je?"

"Ni ile ile aliyoiweka baba yangu. Mlinzi aliye zamuni haguswi na mtu, hata na mimi."

Asubuhi yake Ukoko na mpishi wakambeba mzee Feruzi juu ya kitanda chake cha kamba, wakakiweka kizingitini, wakampa mkuki. Feruzi alipoupapasa ule mkuki, mgongo wake uliopinda ukanyooka kidogo.

Ikawa Sultani anarudi kutoka hamamuni, amejifunga shuka, maji yanamchuruzika, na nguo zake zote zimo chumbani. Ncha ya mkuki ikamgusa kitovuni.

"Simama! Nani wewe?"

"Mimi ndiye Sultani."

"Sultani ana ndevu hadi kifuani. Wewe kidevu chako kama yai."

"Huyo alikuwa baba yangu. Amekwisha kufa."

"Adui naye husema vivyo hivyo," akajibu Feruzi.

"Mzee, mimi ndiye ninayekulisha!"

"Anayenilisha namjua. Ni yule pale mwenye masizi."

Walinzi vijana wakatazama dari. Sultani akamgeukia jemadari wake, akamwambia, "Mwondoe." Jemadari akajibu kwa adabu kubwa kwamba mlinzi aliye zamuni haguswi. Basi Sultani akalainisha sauti.

"Baba, nimekuja kukupokea zamu. Nenda kapumzike."

"Aliyeniweka hapa ndiye atakayeniondoa. Aliniambia, 'Feruzi, usimpishe mtu mpaka nirudi.' Bado hajarudi."

"Lakini mna nini humo ndani!" Sultani akafoka.

"Shusha sauti, we bwana! Mna mtoto amelala. Mwana wa pekee wa Sultani. Mama yake amefariki, baba yake yuko vitani. Akiamka, utambembeleza wewe?"

Kila mtu katika Marongo alijua kwamba marehemu Sultani alikwenda vitani asirudi; na yule mwana wa pekee alikuwa amesimama pale pale, akitetemeka ndani ya shuka. Hatimaye akauliza, safari hii kwa kunong'ona:

"Mtoto mwenyewe ni wa namna gani?"

Feruzi akafikiri. "Mlalamishi. Lakini ni mtoto, atakua."

Sultani akaketi sakafuni.

"Ukoko," akasema, "wazee hawa wanahitaji nini?"

Waziri akafungua kinywa ili aeleze kwa urefu. Sultani akamwinulia kidole, naye akakifumba.

"Uji usio na madonge," akasema Ukoko. "Mtu wa kuwageuza wasioweza kujigeuza, wasipate vidonda. Mtu wa kuitika wanapoita, hata wakiwaita waliokufa. Na asiwepo wa kuwasahihisha."

"Nao wote ni walinzi kama huyu?"

"Wote wangali zamuni, Bwana wangu. Hakuna aliyewahi kwenda kuwapokea."

Basi siku hiyo walinzi vijana wakagawiwa zamu mpya: kulisha, kuogesha, kugeuza na kuitika, na Ukoko akawekwa juu yao, akapewa chumba na sahani yake mwenyewe. Tausi wakapelekwa kwa Waziri, ambaye hakuwa amewaomba. Na muda wote Feruzi alipokuwa hai, Sultani Zahidi aliingia chumbani mwake kwa dirisha, viatu mkononi, asije akamwamsha mtoto.