Marahaba Iliyobaki Msituni

Mpo? Semeni "tupo," maana hii peke yangu siiwezi.

Mwaka wa njaa kuu, mwindaji Mdoe alimwona bintiye Zawena yu hoi mkekani, hata kulia hawezi. Akaliendea zimwi la msituni. Zimwi likampa mshale mmoja, likamwambia, "Kulungu atakuja. Wewe tulia tuli. Ukijitikisa, umemkosa. Ukitamka neno, sauti yako ni yangu."

Mdoe akachuchumaa kichakani na upinde wake. Siafu wakampanda, wakamng'ata mpaka mapajani. Akatulia tuli. Chatu akapita juu ya nyayo zake, taratibu, kama asiye na safari. Akatulia tuli. Ndipo kulungu akatokea, mnene jamani! Mdoe akavuta upinde, pumzi kaibana. Kulungu akamtazama, akasema kwa adabu, "Shikamoo, baba."

Enyi watu, tangu lini shikamoo ya mtoto ikaachwa hewani? Mdomo ulijibu kabla moyo haujauzuia: "Marahaba, mwanangu."

Kulungu huyoo, katokomea!

Mdoe akarudi mikono mitupu. Zawena akasikia hatua zake mlangoni. "Shikamoo, baba."

Mdoe akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Lakini nyuma ya nyumba, kutoka msituni, sauti yake ikaitikia: "Marahaba, mwanangu. Njoo, nyama tayari."

Njaa ikampa Zawena miguu. Akatoka kwa mlango wa uani. Baba alipoingia, alikuta mkeka mtupu.

Mpaka leo Mdoe anamtafuta, na kumwita hawezi. Mimi nimefika mwisho. Mwenye sauti na amwite.